Magego Niliyoyaacha Makambako

Gego la mwisho la chini, upande wa kushoto, lilianza kunisumbua wakati wa mvua, nikiwa mwalimu wa shule ya kanisa katika kijiji kilichoko kati ya Njombe na Makambako. Nchi ilikuwa bado ya Waingereza, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Nilidhani mtu akishaoa na kupewa darasa, amekwisha kuota meno. Kumbe mawili yalikuwa bado ndani ya taya, moja kila upande, na hayakusimama wima. Yalilala ubavu, yakisukuma wenzao.

Wajukuu wangu huniuliza kwa nini shavu langu la kushoto limebonyea. Kila mara nimewajibu kwamba niling'olewa meno. Ni kweli, lakini si kweli yote. Sasa nimefikia umri wa kumshukuru Mungu hata kwa mambo yaliyonivunja, na sioni sababu ya kwenda kaburini na nusu ya jibu.

Nilikuwa na shangazi, dada mkubwa wa baba yangu. Alikuwa mjane, mtu mwembamba mwenye maneno makali na mikono ya kazi. Ndiye aliyenipeleka shule baba alipofariki, akanibatizisha, akanisimamia nilipooa. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na kichaka cha mianzi, na wakati wa mvua aligema ulanzi kama watu wote wa kwetu.

Kwa wasioujua ulanzi, ni maji yanayotoka kwenye mwanzi mchanga ukikatwa ncha. Ukinywewa siku ileile huitwa mtogwa. Ni mtamu na haumlevyi mtu. Ukikaa siku mbili tatu unachacha, na huo ndio unaoangusha wanaume njiani. Kanisa letu lilikataza uliochacha. Aliyeunywa alitengwa na Meza ya Bwana, jina lake likasomwa mbele ya ushirika, akakaa kwenye benchi la nyuma hadi atakaporudishwa. Mtogwa, wazee waliufumbia macho. Lakini sisi walimu na wainjilisti tulikatazwa yote mawili, kwa kuwa mtu akikuona umeshika kibuyu hawezi kujua ndani yake kuna nini.

Siku moja nilitoka shule shavu limevimba, nikapita nyuma kwa shangazi ili nisikutane na watu. Alikuwa ameketi penye mianzi na jirani zake wawili, kibuyu katikati.

"Mwalimu," akaniita, "hilo shavu umeficha nini? Kiazi?"

Nikamwambia ni jino.

"Njoo upoze. Huu wa asubuhi, bado una baridi."

Nilijua sheria. Nilikunywa kata nzima nimesimama. Ulikuwa mtamu, hauna hata dalili ya uchachu, na ile baridi yake ilipogusa lile gego nililia machozi kwa nafuu. Jirani zake walicheka. Nikaenda zangu.

Baada ya Pasaka mtu mmoja alipeleka habari kwenye baraza la wazee kwamba shangazi hunywesha watu ulanzi uliochacha. Wale jirani wawili walikuwa hawajabatizwa, na ushahidi wao haukupokelewa. Lakini mimi nilionekana nikitokea njia ile, na mimi ni mwalimu, kwa hiyo nikaitwa.

Wakati huo taya langu lilikuwa limefunga. Naomba msomaji anielewe hapa. Sikuwa najidai. Usaha ulikuwa umekusanyika nyuma ya gego, na misuli ya taya ilikuwa imekaza kiasi kwamba kati ya meno ya juu na ya chini ilipita ncha ya kidole kidogo tu. Nilikunywa uji kwa kuufyonza. Maneno niliyaweza machache, kwa kuguna, na kila moja liliniuma hadi sikioni.

Baraza lilikaa vestri, chumba kidogo cha wazee ubavuni mwa kanisa. Mchungaji wetu alikuwa mmisionari Mzungu, mtu mwema, aliyetutembelea kutoka misheni mara chache kwa mwaka, na ndiye aliyeandika kwenye kitabu. Shangazi alisimama karibu na dirisha, kitenge mabegani. Alipoulizwa, alijibu kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kibena kwamba ulikuwa mtogwa, na kwamba kama wanataka kujua ulanzi uliochacha wawaulize waume wa wake zao. Wazee wawili waliinamisha vichwa.

Kisha mzee wa kanisa, mkubwa wa baraza, akanigeukia mimi.

"Mwalimu, tunajua unaumwa. Usijisumbue kusema. Ulimwona?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Na ulanzi ule, haukuwa umechacha?"

Nikaitika tena kwa kichwa.

Kila aliyekua na lugha zetu anajua nilichosema. Nilisema ndiyo, ni kama unavyosema, haukuwa umechacha. Lakini kwa Mzungu, mtu aliyeulizwa "haukuwa?" akaitika kwa kichwa, amesema ulikuwa. Mchungaji alichovya kalamu na kuandika. Kisha, kama ilivyo desturi, akasoma alichoandika kwa Kiswahili chake kilichonyooka: shahidi, mwalimu wa shule, amekubali kwamba ulikuwa umechacha.

Yule mzee aliyeuliza alinitazama. Alikuwa akingoja nikatae. Nakumbuka macho yake mpaka leo, na nywele nyeupe zilizotoka masikioni mwake. Shangazi naye alinitazama.

Ningeweza kutikisa kichwa. Ningeweza kuomba kalamu. Lakini lilinijia swali litakalofuata: wewe, mwalimu, ulijuaje ladha yake? Niliweka mkono shavuni, nikafumba macho kama mtu aliyezidiwa na maumivu. Maumivu yalikuwapo kweli. Hilo ndilo lililokuwa baya, kwamba hata sikuhitaji kudanganya. Yule mzee akaona nimenyamaza, naye akaona basi, ndivyo nilivyomaanisha. Wakafunga kitabu kwa sala.

Jumapili iliyofuata jina la shangazi lilisomwa. Akatoka mahali pake pa miaka yote, mstari wa tatu, akaenda kuketi kwenye benchi la nyuma karibu na mlango.

Watu wakaanza kuunganisha mambo yao. Walisema taya la mwalimu limefungwa na shangazi yake kwa kuwa alimsema mbele ya Mzungu na wazee. Kwetu, hata kwa Wakristo, neno la shangazi wa upande wa baba ni zito. Mke wangu aliyasikia hayo kisimani na kwenye mashamba ya viazi, akawa ananiletea jioni kama mtu aletaye kuni.

Shangazi alikuja mwenyewe kuniona. Alikuja na chungu kidogo cha uji mwembamba, akakaa kwenye kigoda.

"Kamwene, mwalimu," akanisalimu kwa Kibena. "Usijibu, najua kinywa kimefungwa." Akanimiminia. "Umesikia kwamba nimekufunga mimi?"

Niliinua mabega.

"Imenisaidia. Siku hizi nikifika kisimani wote wananipisha. Juzi nilichota wa kwanza, na mke wa mzee wa kanisa akanitwika mtungi mwenyewe." Akacheka kidogo. "Ningekuwa na uwezo huo ningekufunga ungali mtoto, maana ulikuwa unalia sana."

Nilikunywa ule uji kwa kuufyonza. Hakutaja baraza. Alipokuwa akiondoka, mlangoni, akasema bila kunitazama: "Pale nyuma pana upepo. Mlango ule haufungi vizuri. Sikujua, miaka yote nimekaa mbele."

Mke wangu alisimama na chungu mikononi. Alikuwa mtu mpole, na neno lake lilikuja polepole. "Mume wangu, taya limefungwa. Mkono je?"

Nikamwambia kwa kuguna kwamba mambo ya baraza husemwa barazani, si kwa barua. Akaenda kuosha chungu. Kalamu ilikuwa mezani na karatasi za shule zilikuwa chini yake.

Nataka niseme wazi jinsi nilivyoishi wiki zile. Niliomba Mungu kila asubuhi anifungue kinywa. Na kila nilipoomba niliogopa asije akanisikia, kwa maana kinywa kikifunguka, udhuru wangu umekwisha. Sijawahi kuomba vibaya kama hivyo, wala kabla wala baada.

Mwezi wa sita ulikuja na baridi yake na ukungu usioinuka hadi saa nne. Shangazi aliendelea kwenda kanisani, akakaa kwenye benchi lile penye upepo. Jumapili moja nilimsikia akikohoa wakati wa maombi, kikohozi kifupi cha chini. Wiki iliyofuata alikuwa kitandani na kichomi, anapumua kama mtu apandaye mlima. Sisemi kwamba ule mlango ndio uliomwua. Watu wengi walipata kichomi mwaka ule, hata waliokaa mstari wa mbele. Nasema tu kwamba alikaa pale kwa sababu yangu.

Barua ilifika kutoka misheni: mchungaji atakuja Jumamosi, baraza litakaa, na Jumapili patakuwa na Meza ya Bwana. Baada ya hapo hangerudi mpaka majira ya kupanda. Nilikwenda kwa shangazi. Mwanamke aliyekuwa akimuuguza alikuwa amemwegemeza kwenye magunia ili apumue.

"Meza ni Jumapili," akaniambia. Hakuwa anauliza. "Sijawahi kuikosa tangu nibatizwe. Mara mbili tu, nilipojifungua." Alipumzika kupata pumzi. "Watoto wote wawili wamekwisha tangulia, nami nimewafuata mpaka hapa."

Nilitaka kusema. Meno yalikuwa yamekaza. Ilitoka sauti kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi.

"Sielewi," akasema. "Nenda kang'oe hilo jino, halafu uje unieleze."

Kwenye zahanati ya misheni muuguzi alikwisha niambia kwamba gego langu halikuwa la kung'oa kwa koleo tu, linahitaji kuchimbwa. Alikuwa amesikia kwamba daktari wa meno wa serikali anapita akitoka Mbeya, na angekaa Makambako siku mbili, Jumanne na Jumatano. Jumanne alfajiri nikaenda barabarani, nikapanda lori lililobeba magunia ya viazi. Upepo ulinikata shavu. Nilijifunga blanketi kichwani, na kila shimo la barabara lilifika ndani ya gego kabla halijafika kwenye gurudumu, au ndivyo nilivyoona.

Makambako siku hizo palikuwa ni njia panda, maduka machache ya mabati, upepo na vumbi. Daktari alipewa chumba katika nyumba ya kupumzikia maofisa. Nje tulikuwa watu kama thelathini tumeketi ukutani, kila mmoja na shavu lake. Waliotoka walitoka na vitambaa vyekundu, wakapita mbele yetu bila kutazama. Mwanamke mmoja aliinuka kabla ya zamu yake, akaenda zake. Nilimwelewa vizuri sana.

Sikuitwa mpaka Jumatano saa tano. Daktari alikuwa Mzungu mfupi, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, hajui Kiswahili zaidi ya "fungua" na "temea". Msaidizi wake alikuwa mtu wa Tanga, Mwislamu, kofia nyeupe safi kichwani katika vumbi lile lote. Ndiye aliyekuwa kinywa chake.

"Karibu, mwalimu," akasema aliposoma karatasi ya muuguzi. "Fungua kinywa. Zaidi. Ndiyo mwisho? Lo, umefunga duka kabisa."

Walileta kabari ya mti, nene, iliyochongwa mizunguko kama parafujo. Msaidizi aliiingiza ncha yake pembeni mwa mdomo, kati ya meno, akawa anaizungusha taratibu. Kila mzunguko ulifungua upana wa punje ya ulezi. Nilisikia kitu kikichanika nyuma ya shavu, na usaha ukamwagika ulimini. Daktari alitazama ndani kwa kioo kidogo, akasema maneno.

"Anasema yako mawili, yote yamelala. La kulia bado halijaoza lakini litakuja kukutesa hivihivi. Ataondoa yote leo." Akainama sikioni pangu. "Kwao linaitwa jino la hekima. Ukirudi nyumbani mjinga, usiseme ni sisi."

Sindano iliingia mara tatu kila upande. Penye usaha dawa haiingii vizuri, nilikuja kuambiwa baadaye. Midomo ikawa mizito, ulimi ukafa, lakini kule ndani bado palikuwa na moto. Msaidizi akachukua sindano tupu, akanigusa ufizi.

"Husikii kitu?"

Ilikuwa ni namna ileile ya swali. Nilikuwa nasikia. Nikiitika kwa kichwa, nimesema ndiyo, sisikii, au Mzungu ataelewa ndiyo, nasikia? Nikitikisa, je? Nilibaki nimekaza shingo, jasho linanitoka katika baridi ile. Daktari alikwisha shika kisu. Nikapiga kiti kwa kiganja, mara mbili, tatu.

Msaidizi akamzuia daktari kwa mkono. "Ngoja. Nimeuliza vibaya," akasema, nusu kwangu nusu kwake mwenyewe. "Mwalimu, nisikilize. Unasikia maumivu? Kama unasikia, inua mkono."

Niliinua mkono.

"Umeona? Mtu aliyefungwa kinywa humuulizi kwa 'hu'. Unampa swali lisilo na mafundo." Akamwambia daktari, wakanichoma tena.

Wakati dawa ikingojwa ifanye kazi, nililala nikitazama mabati ya dari. Mtu asiyenijua, asiye wa imani yangu, alikuwa amelitengeneza kwa pumzi moja lile ambalo baraza zima la wazee, na mimi miongoni mwao, tuliliacha liharibike. Nikaona pia kwamba nilijua kupiga kiti. Kwa ajili ya ufizi wangu, nilijua.

Yaliyofuata sitayaeleza yote. Alikata nyama. Kisha ikaja patasi ndogo na nyundo, akapasua jino vipande, na kila pigo lilishuka kwenye taya likapanda hadi fuvuni, nikaona mwanga mweupe. Msaidizi alikumbatia kichwa changu kifuani mwake kwa mikono miwili, kama anavyoshikwa mbuzi. Alikuwa akinisemesha muda wote, maneno yasiyo na maana, habari za samaki na minazi ya kwao. La kushoto lilitoka vipande vitatu, vyeusi, vinanuka. La kulia lilitoka zima, jeupe, na mizizi iliyopinda. Yote yalianguka katika beseni la enameli. Wakanishona.

"Unayataka?" akaniuliza msaidizi.

Niliyaacha. Niliandika kwa kidole hewani, naye akaniletea karatasi na penseli. Nikaandika: Nitasema lini?

Aliisoma, akamuuliza daktari. "Taya litakaza zaidi kwanza, siku tatu nne, kwa kuwa limepigwa. Baada ya juma moja utaanza kufungua."

Nikaandika: Jumamosi.

"Mwalimu, leo Jumatano."

Nikapigia mstari.

Hakuuliza sababu. Aliingia kwenye sanduku lake, akatoa vijiti bapa vya mbao kama ishirini, vyembamba kama ukucha. "Viweke kati ya meno, kimoja juu ya kingine. Kila ukiweza ongeza kimoja. Utalia. Mungu akusaidie." Nilimshika mkono. Nimemwombea mtu yule kila mwaka tangu hapo, na kwa umri wake lazima amekwisha tangulia.

Nilirudi nyumbani na vijiti vinne. Alhamisi vilikuwa vitano. Ijumaa asubuhi nilisimama nyuma ya nyumba, nimeshika ukuta, nikaingiza cha nane na cha tisa, damu ikinitoka kwenye nyuzi na kunitiririka kidevuni, na mke wangu akashika kichwa changu kama alivyofanya yule mtu wa Tanga. Jumamosi vilikuwa kumi na viwili. Sauti ilikuwa nene, lakini maneno yalitambulika.

Barazani niliomba kusema kabla ya mengine yote.

"Ulanzi wa shangazi haukuwa umechacha. Nilipoitika kwa kichwa nilimaanisha hivyo. Iliandikwa kinyume."

Mchungaji alifungua kitabu, akatafuta ukurasa, uso wake ukawa mwekundu polepole alipoelewa kosa. Alikuwa mtu mwaminifu. "Ni kosa langu," akasema.

"Si lako," nikasema. "Ulisoma, nami nikasikia."

Yule mzee mkubwa alikunja mikono. "Kwa nini ulinyamaza, mwalimu?"

"Kwa sababu mngeniuliza nilijuaje."

"Ulijuaje?"

"Niliunywa."

Damu ilikuwa inanijaa mdomoni, nikaimeza. Walinitoa nje, wakajadiliana. Waliponirudisha, mchungaji alikuwa amekata mstari juu ya maneno ya zamani na kuandika mapya, na shangazi alikuwa amerudishwa kwenye Meza. Mimi nilivuliwa ualimu, nikatengwa hadi Krismasi. Yule mzee alisema taratibu, "Umetuaibisha, mwanangu. Lakini umekuja kwa miguu yako."

Alasiri ile mchungaji alichukua mkate na divai, tukaenda pamoja kwa shangazi. Pumzi yake ilikuwa inasikika tangu uani. Mchungaji alipiga magoti karibu na kitanda, akamweleza yote, akaomba msamaha, akataka kumshirikisha palepale.

"Hapana," akasema shangazi.

"Mama, unaumwa sana."

"Najua naumwa. Ndiyo maana nimelala." Akapumua. "Mlinitoa mbele ya watu wote. Mtanirudisha mbele ya watu wote. Kesho mnibebe."

Mchungaji alimsihi. Shangazi akafumba macho. Mchungaji alipotoka nje, akaniashiria nisogee.

"Fungua nione."

Nilifungua, kadiri vijiti kumi na viwili vilivyoniwezesha. Alinitazama ndani kwa muda mrefu kama atazamaye ghala.

"Panatisha mle," akasema. "Sukutua kwa chumvi."

Nilingoja aseme neno lingine. Nilimwomba anisamehe. Aliweka mkono wake juu ya mkono wangu, ulikuwa wa moto mkavu, lakini hakusema chochote, na mimi sikupata ujasiri wa kuomba mara ya pili. Nimeuchukua ule mkono kuwa ndiyo jibu. Huenda ulikuwa ni mkono tu.

Jumapili asubuhi wanaume wanne tulitengeneza machela kwa blanketi na miti miwili. Alikuwa amevishwa nguo nyeupe na kufungwa kitambaa kichwani. Ukungu ulikuwa mzito, hatukuona mbele zaidi ya hatua kumi. Tulipofika kwenye mteremko wa kijito, nilikuwa nyuma upande wa kichwa, nikaona haisikiki tena pumzi yake. Nikawaambia waweke chini. Tulimweka majanini. Aliyekuwa mkubwa kwa umri kati yetu wanne alimgusa shingo, akavua kofia.

Tulisimama. Kengele ya kwanza ilikuwa inalia ng'ambo.

"Tumrudishe nyumbani," mmoja akasema. "Maiti haipelekwi kwenye Meza."

"Alisema abebwe," nikasema.

"Alisema akiwa hai."

"Alisema mbele ya watu wote," nikasema, na nyuzi zikakatika upande wa kushoto, nikasikia ladha ya chuma. "Mimi ndiye niliyemtoa. Nisaidieni nimfikishe, halafu nitamrudisha hata peke yangu."

Kisha yule mkubwa akavaa kofia, akainama akashika mti wake.

Tulimweka mbele ya mlango, nje. Mchungaji alitoka, akaona. Aliwaita watu wote watoke, wakasimama katika ukungu wakiwa wamezunguka machela, na mama mmoja akaanza kulia akazuiwa. Akasoma kutoka kitabuni kwamba dada yetu alihukumiwa kwa kosa lililoandikwa vibaya, kwamba hakuwa na hatia katika jambo lile, na kwamba ushirika umempokea. Akasoma jina lake lote, la ubatizo na la ukoo. Kisha akasoma langu, na kutengwa kwangu.

Walirudi ndani kwa Meza ya Bwana. Mimi sikuruhusiwa kushiriki siku ile, na ilibidi mtu abaki naye. Nilikaa chini kwenye ukoka, mgongo ukutani, nikatandika blanketi vizuri juu ya miguu yake kwa sababu upepo ulikuwa unaliinua. Ndani walikuwa wanaimba. Nilijaribu kufuata, taya likakataa, nikawa natema damu kwenye majani kila baada ya ubeti. Katika maisha yangu marefu nimepewa heshima nyingi na kanisa, nami nashukuru kwa zote. Lakini saa ile nilipewa kazi moja tu, ya kushikilia blanketi, nikaishikilia mpaka walipotoka.